Kubatilisha ndoa au talaka: kipi salama kwa mwenye kadi ya masharti Marekani?

Mwanakwetu_CA: Wakuu, naombeni mawazo. Tuko California, mke wangu ni raia, ndoa haijafika miaka 2. Nina kadi ya kijani (ya ukaazi) ya masharti, ile ya miaka 2 ambayo lazima uombe masharti yaondolewe. Tumeshindwana. Yeye anataka ndoa ibatilishwe, maana talaka hapa lazima isubiri miezi 6. Mimi nahofia makaratasi yangu. Nikubali?

Bi_Sauda: Pole sana kaka. Kabla ya kukubali, soma sababu aliyoandika. Mahakama haibatilishi ndoa kwa kuwa ni changa au mmegombana. Inataka kasoro iliyokuwepo tangu siku ya kufunga: udanganyifu, kulazimishwa, mmoja kuwa bado kwenye ndoa nyingine. Akidai ulimuoa kwa ajili ya makaratasi, nawe ukanyamaza, hukumu hiyo itasomwa na Uhamiaji. Kifungu cha 204(c) cha sheria ya uhamiaji ni kikali: ukibainika ulifunga ndoa ya kukwepa sheria za uhamiaji, ombi la ukaazi litakalowasilishwa kwa ajili yako na mwenzi mwingine au mwajiri halipitishwi, hata kama ndoa ya baadaye ni ya kweli kabisa. California una siku 30 za kujibu tangu ukabidhiwe karatasi za kesi. Jibu!

Juma_Bara: Tusimtishe kupita kiasi. Fomu I-751, ya kuomba masharti ya kadi yaondolewe, unaweza kuipeleka peke yako, bila sahihi ya mke, iwe ndoa imeisha kwa talaka au imebatilishwa. Kinachotakiwa ni kuonyesha uliingia kwa nia njema.

Bi_Sauda: Kweli Juma, mlango uko wazi kwa yote mawili. Lakini afisa akiwa na hukumu ya udanganyifu mezani, hiyo nia njema utaithibitishaje? Talaka ya California haitafuti mkosaji. Inatosha kusema mna tofauti zisizosuluhishika. Ndoa inabaki kuwa ilikuwepo, tofauti na ikibatilishwa. Mimi ningepigania talaka.

Mwanakwetu_CA: Ningoje kadi ikaribie kuisha?

Nuru77: Hapana. Zile siku 90 za mwisho kabla kadi haijaisha ni za wanaopeleka I-751 pamoja. Ukiomba peke yako, unapeleka mara talaka ikikamilika. Kusanya sasa, kabla hujahama: mkataba wa nyumba, taarifa za akaunti ya pamoja, marejesho ya kodi, bima, picha. Kuomba uraia baada ya miaka 3, kama walio kwenye ndoa na raia, usahau; wewe ni 5. Na I-864, ahadi ya kukudhamini kifedha aliyosaini mkeo, haifutwi na talaka, nadhani hilo hajaambiwa.

Juma_Bara: Kwa wengine wanaosoma: kama ombi la kadi kupitia mwenzi bado halijaidhinishwa, talaka nayo inaliua. Hali yenu si kama ya huyu ndugu.

Mwanakwetu_CA: Nimesoma. Ameandika udanganyifu. Asanteni, jibu langu linaingia mahakamani wiki hii, nami nadai talaka. Wakili wa familia amekubali kuongea na wa uhamiaji kabla sijasaini chochote.

Bi_Sauda: Vizuri. Usiache hata bahasha moja yenye majina yenu wote wawili.