Kubadilisha nanosekunde kuwa mikrosekunde na vipimo vingine vidogo vya muda: wanafunzi nawaelekezaje?

Mwalimu wa Kongwa

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninafundisha fizikia kidato cha kwanza na cha pili wilayani Kongwa, na juma hili tumeingia kwenye vipimo vya muda vilivyo chini ya sekunde. Niliwapa wanafunzi swali la kubadilisha nanosekunde 450 kuwa mikrosekunde. Wengine waliandika 0.45 na wengine wakaandika 450,000, na nilipowauliza hawa wa pili wamefikaje huko, walinieleza kwamba vipimo hivyo viwili vinapishana kwa 1,000, kwa hiyo wamezidisha kwa 1,000. Kumbe 1,000 wanaijua vizuri. Kinachowashinda ni kujua wakati wa kuzidisha na wakati wa kugawanya.

Naomba msaada wa mambo mawili. Kwanza, njia ambayo mwanafunzi ataielewa badala ya kukariri jedwali. Pili, kitu cha kuwaonyesha kwa mkono, kwa sababu shule yetu haina kifaa cha kupima muda mfupi kuliko ule unaosomeka kwenye saa ya kawaida, na mtoto anayeambiwa "sehemu moja ya bilioni ya sekunde" hana pa kuishika.

Mwanafunzi wa fizikia, Chuo Kikuu cha Dodoma

Mwalimu, shikamoo. Ningeanza na ngazi yenyewe, kwa sababu ina mpangilio usiobadilika: sekunde, milisekunde, mikrosekunde, nanosekunde, pikosekunde, femtosekunde, atosekunde. Kila ukishuka ngazi moja, kipimo kinakuwa kidogo mara 1,000. Baada ya hapo mwanafunzi ajiulize swali moja tu kabla ya kugusa hesabu: ninakokwenda, kipimo ni kikubwa au ni kidogo? Noti ya shilingi 10,000 ukiichenji kwa sarafu za shilingi 100 unapata sarafu nyingi, na fedha ni ile ile. Vivyo hivyo, ukienda kwenye kipimo kidogo namba inaongezeka, kwa hiyo unazidisha. Ukienda kwenye kipimo kikubwa namba inapungua, kwa hiyo unagawanya. Nanosekunde ni ndogo kuliko mikrosekunde, hivyo 450 lazima ipungue, na jibu la 450,000 linakataliwa hata kabla ya kukokotoa.

Kuhusu kitu cha kushika mkononi, unacho tayari darasani: rula ya sentimita 30. Mwanga husafiri mita 299,792,458 kwa sekunde katika ombwe, na hewani mwendo wake unakaribia sana huo, kwa hiyo katika nanosekunde moja unakwenda karibu sentimita 30, yaani kutoka mwanzo wa rula hadi mwisho wake. Grace Hopper, aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini la Marekani na mmoja wa waanzilishi wa fani ya kompyuta, alikuwa akigawa vipande vya waya vya urefu kama huo katika mihadhara yake ili watu waione nanosekunde kwa macho. Kisha mwambie mwanafunzi atazame mstari mdogo kabisa kwenye rula, yaani milimita 1. Mwanga unaipita kwa takriban pikosekunde 3.3. Ukitaka mikrosekunde utoke nje ya darasa, maana hapo mwanga umekwenda mita 300. Na milisekunde ni kilomita 300, ambazo zinakutoa kabisa nje ya mkoa wetu.

Rula hiyo hiyo inafaa pia kwa sauti. Hewani sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo inapita sentimita 30 kwa muda unaokaribia milisekunde 0.9. Rula moja, mwanga nanosekunde, sauti karibu milisekunde: hapo mwanafunzi anaona ngazi mbili zinazofanya tofauti ya takriban mara milioni.

Fundi wa mitandao, Dodoma mjini

Naongezea mfano wa kazini, kwa sababu huku kubadilisha vipimo hivi ni jambo la kila siku, na kifaa kimoja kikisoma milisekunde kingine kinasoma mikrosekunde. Ndani ya nyuzi za kioo za mkongo, mwanga hupungua mwendo hadi takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, ambayo ni sawa na mikrosekunde 5 kwa kila kilomita. Tuchukulie kwamba mkongo kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam una urefu wa kilomita 450, karibu sawa na barabara. Safari ya kwenda ni 450 × 5, yaani mikrosekunde 2,250. Ukipanda ngazi moja unagawanya kwa 1,000 na kupata milisekunde 2.25; kwenda na kurudi ni milisekunde 4.5. Kipimo cha mtandao kikionyesha milisekunde 60 kwa njia hiyo, fundi anajua mara moja kwamba umbali peke yake hauelezi ucheleweshaji wote, na anaanza kutafuta chanzo kwenye vifaa vya njiani.

Jambo lingine ni alama. Wanafunzi wengi wanaandika "ms" wakikusudia mikrosekunde, kwa kuwa mikro nayo inaanza na m. Hilo likemewe mapema. Milisekunde ni ms, mikrosekunde ni µs, na pale ambapo kibodi haina herufi hiyo ya Kigiriki watu huandika us. Herufi kubwa nayo ina maana yake: Ms ni megasekunde, sekunde milioni moja, ambazo ni zaidi ya siku 11.

Mwalimu wa Kongwa

Nashukuru sana, na rula nitaitumia kesho asubuhi. Nina swali la nyongeza kwa ajili ya kidato cha pili: wanapotakiwa kuruka ngazi kadhaa kwa pamoja, kwa mfano kutoka mikrosekunde hadi femtosekunde, ni bora wahamishe nukta ya desimali ngazi kwa ngazi, au nianze kuwafundisha vipeo?

Mwalimu mstaafu wa hisabati, Mpwapwa

Mwalimu mwenzangu, habari za kazi. Kuhamisha nukta kunatosha kwa ngazi moja au mbili. Mikrosekunde 0.00025 zinakuwa nanosekunde 0.25, kisha pikosekunde 250, na mwanafunzi hajachoka. Zikizidi hapo, sifuri zinaanza kudondoka njiani, na mimi naona vipeo ndiyo njia ya uhakika. Mikro ni 10⁻⁶ na femto ni 10⁻¹⁵. Chukua kipeo cha unakotoka, utoe kipeo cha unakokwenda: −6 − (−15) = 9. Kwa hiyo mikrosekunde 3 ni femtosekunde 3 × 10⁹. Ukirudi juu, kutoka femto hadi nano, ni −15 − (−9) = −6; femtosekunde 7,200,000 zinakuwa nanosekunde 7.2. Utaratibu ni mmoja kwa kupanda na kwa kushuka, na alama ya kipeo yenyewe inasema kama unazidisha au unagawanya.

Ila wasimamie kwenye kikokotoo. Kitufe cha EXP tayari kina "mara 10 kwa kipeo cha" ndani yake. Mwanafunzi anayebonyeza 10, EXP, kisha −9, anapata 10⁻⁸, na jibu lake linazidi mara 10 bila yeye kujua. Abonyeze 1, EXP, −9.

Wakikuuliza kama femtosekunde zina kazi yoyote, wape habari za Ahmed Zewail, mzaliwa wa Damanhur nchini Misri, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1999 kwa kufuatilia mienendo ya atomi ndani ya molekuli katika muda wa femtosekunde. Mwaka 2023 Tuzo ya Fizikia ilikwenda kwa Pierre Agostini, Ferenc Krausz na Anne L'Huillier, waliobuni njia za kupata mimweko ya mwanga inayodumu kwa atosekunde, ambayo inatumika kuchunguza elektroni. Mtoto wa Kongwa ana haki ya kujua kwamba vipimo hivi vina watu wanaovitumia, na kwamba wawili kati yao, Zewail na Agostini, walizaliwa barani mwetu.

Kwenye kusahihisha, usimnyime alama mwanafunzi aliyeandika 4.5 × 10⁻¹ µs badala ya 0.45 µs, maana ni thamani ile ile na kipimo ni kilichoulizwa. Aliyeandika 4.5 × 10⁻⁷ s ana thamani sahihi lakini hajajibu kwa kipimo ulichotaka. Mimi ningempa alama za njia na kumwandikia pembeni amalizie hatua ya mwisho.