Nawasaidia vijana kuomba vyuo vya Marekani, kwenye insha nishike kalamu mpaka wapi?

Chaki_Nyeupe
Habari zenu wakuu. Mimi ni mwalimu wa fizikia, sio mshauri wa vyuo na wala sijasoma nje, ila mwaka huu vijana watatu wa mwaka wa mwisho wamenifuata wanataka kuomba vyuo Marekani, na hakuna mwingine wa kuwashika mkono basi nikakubali. Mambo ya fomu nimeyaelewa taratibu, Common App (ile fomu moja ya mtandaoni ya kuomba vyuo vingi) inafunguliwa tarehe 1 Agosti, shughuli za nje ya darasa zisizidi 10 na kila moja unaielezea kwa herufi 150 tu (hapo mpaka nafasi kati ya maneno zinahesabiwa, tumetoka jasho), SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo, wameshafanya. Kinachonishinda ni insha. Mwisho maneno 650, na kijana mmoja, kichwa kwelikweli kwenye hesabu, kaniletea kitu kinaanza "Tangu nikiwa mdogo nimekuwa na ndoto ya kuibadilisha dunia kupitia uongozi". Nikasahihisha. Akarudi, nikasahihisha tena. Sasa tuko rasimu ya sita na nikiisoma naona naongea mimi sio yeye, tena naongea kama mgeni rasmi kwenye mahafali. Wenzangu mliowahi kusaidia watu mnaishia wapi? Nikimwachia inaenda mbovu, nikimshikia inakuwa yangu.

Kaskazi77
Mwalimu pole, ila hiyo rasimu ya sita itupe, usiirekebishe tena. Mwite mkae mpige stori nusu saa, simu irekodi kama yeye hana shida, na usimuulize uongozi wala ndoto, ukitaja tu hayo maneno anavaa suti. Muulize jana baada ya vipindi alifanya nini, kitu gani kikiharibika watu wanamuita yeye, lini mara ya mwisho aligundua alikuwa amekosea. Halafu mpe asikilize mwenyewe, pale alipokuwa anaongea haraka haraka mpaka anajikata ndo insha ilipo.

Mimi yangu iliandikwa hivyo. Dada aliyekuwa ananisaidia alikuwa na sheria moja, haandiki hata neno moja kwenye karatasi yangu, anaweka alama ya kuuliza pembeni basi, unabaki kuitolea macho hujui kakasirika au hajaelewa. Nilimchukia wiki nzima asee. Ila kila sentensi iliyobaki naikumbuka mpaka leo sababu niliitafuta mwenyewe. Makosa ya tahajia muoneshe mstari lilipo kosa alitafute, hiyo haina shida.

Na kumbuka mwishoni anathibitisha kwa saini kwamba kazi ni yake. Common App wameshaweka wazi kuwa hata kuwasilisha maandishi ya akili bandia kama yako ni udanganyifu, so asije akakuletea rasimu ya saba inateleza ghafla ukafurahi.

mzazi_wa_mapacha
Mnajitesa bure, wapo watu wanalipwa kufanya hizi kazi, unampa stori zako anakutengenezea insha wiki mbili tu. Wenzenu wanafanya hivyo nyie mnaongelea alama za kuuliza.

Kaskazi77
@mzazi_wa_mapacha kumlipa mtu akushauri sio kosa, kumlipa akuandikie ni habari nyingine. Ukianza kulegeza unafika mbali, mwaka 2019 Felicity Huffman, yule muigizaji, alihukumiwa siku 14 jela sababu alilipa dola 15,000 majibu ya SAT ya mwanae yarekebishwe kisirisiri. Na yule alikuwa na pesa za mawakili.

TaiMweusi
Insha mnaiongelea sana, pesa je? Mwalimu hao watatu orodha ya vyuo wameipataje? Nauliza sababu niliona kijana anaomba vyuo 15 vyote kwa kufuata jina na picha za majengo, akakubaliwa viwili, vyote havikumpa msaada, mwaka ukaisha hivyo.

Iko hivi. Kuna vyuo vichache ambavyo hata kwa mwanafunzi wa nje hawaangalii mfuko wakati wa kuamua, Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst wamo, na wakikuchukua wanaziba pengo lote ambalo familia haiwezi. Tatizo kuingia huko ni kupenya tundu la sindano. Vyuo vingi vilivyobaki, kwa mtu wa nje, kiasi cha msaada unachoomba kinaingia kwenye mizani yenyewe ya kukuchukua au kukuacha. Kwa hiyo orodha inaanzia kwenye swali la familia inaweza kulipa ngapi kwa mwaka, kwa namba, na mzazi awepo. Hicho kikao hakipendezi, kuna baba atakaa kimya tu anaangalia chini, lakini bora akae kimya Septemba kuliko Aprili.

FAFSA sio yenu, ile ni fomu ya kuomba pesa ya serikali yao na mwanafunzi wa kutoka nje hapati, vyuo vingi vinavyosaidia wageni vitataka CSS Profile, fomu ya kueleza hali ya pesa ya familia. Na early decision msiiguse kwa kusikia tu kwamba inaongeza nafasi, ile unajifunga na chuo kimoja, wakikukubali unafuta maombi mengine yote. Unaweza kujitoa kama msaada hautoshi ila hapo huna cha kulinganisha, unabaki na bei moja mezani. Vingi mwisho wake tarehe 1 Novemba. Halafu kama kuna anayetaka MIT mwambieni mapema, hawapo Common App, wana fomu yao.

BiMdogo_Ofisini
Mwalimu hakuna aliyegusa hili, si wewe ndo utamwandikia barua ya mapendekezo? Basi hiyo hamu yote ya kuandika ipeleke huko! Insha yake, barua yako. Ila usiandike "ni mwanafunzi mwenye nidhamu na bidii", hayo yanamfaa mtu yeyote, andika ile siku alikuuliza swali likakushinda ukaenda kulisoma nyumbani. Na aweke alama kwenye fomu kwamba hataomba kuisoma, wanaosoma kule wanaiamini zaidi.

Chaki_Nyeupe
Nimerudi jamani. @TaiMweusi kikao na wazazi kiko Jumamosi, nimeanza kuogopa mimi. @BiMdogo_Ofisini umenipiga mahali penyewe, barua nilikuwa nimeiweka kiporo.

Sasa sikieni. Tumekaa na kijana jana, dakika ishirini za kwanza hamna kitu, majibu ya "ndiyo mwalimu". Nikamuuliza kitu gani alikuja kugundua alikuwa amekosea akacheka, akasema kengele. Jamaa ndo mpiga kengele wa shule mwaka wa pili huu. Kumbe saa yake ya mkononi inachelewa dakika mbili kila siku, hakumwambia mtu, kila asubuhi anairekebisha kwa taarifa ya habari ya redio ndo anakuja kupiga. Kuna siku umeme ukakatika redio ikanyamaza siku sita, shule nzima ikasogea dakika 12 nyuma na hakuna aliyeona, hata mimi niliyekuwa naingia darasani kwa hiyo kengele! Yeye alijua tangu siku ya pili, akawa anachora grafu usiku ajue imechelewa kiasi gani. Miaka miwili namfundisha mwendo na muda sijawahi kulisikia hilo.

Leo kaleta ukurasa mmoja. Unaanza "Shule nzima inaishi kwa saa yangu, na saa yangu ni mbovu". Sijagusa. Sentensi ya tatu ndefu kama treni ya mizigo, mkono unaniwasha, nimeweka alama ya kuuliza nikaondoka. Swali dogo la mwisho, kupiga kengele nako kunaingia kwenye zile shughuli 10? Yeye anaona aibu anasema sio klabu.

Kaskazi77
Kunaingia, tena aweke juu kabisa. Aandike masaa mangapi kwa wiki na wiki ngapi kwa mwaka, fomu inauliza hivyo.