Fundi anayepima giaboksi kwa sikio huku anatafuna muhogo: leo nimechoka!

Wakuu, nimetoka ufukweni sasa hivi, oili ya gia mpaka viwikoni, simu naishika kwa kanga ya mke wangu. Jina simtaji. Mwenye boti yoyote hapa Kilindoni, Mafia, anamjua, na asiyemjua basi mashine yake haijawahi kumzimikia.

Msimu huu wa papa potwe, wale wakubwa wanaofuatwa na watalii, wageni sita ndani ya boti, asubuhi bahari imelala kama mkeka. Mashine ni ya nguvu farasi 40. Natoka polepole, inakwenda vizuri. Naongeza mafuta: mashine inalia kama ng'ombe aliyekiona kisu, boti haisogei! Napunguza, inakwenda. Naongeza, kelele tupu. Nikarudi pwani kwa mwendo wa kasa mwenye mayai, nikampigia simu yeye.

Kaja baada ya saa mbili, muhogo wa kuchoma mkononi. Propela hakuigusa. Hata kuniuliza boti inafanyaje nikiongeza mafuta, hakuuliza. Akainama, akabandika sikio kwenye kifuniko. Wakuu, mashine IMEZIMWA. Imezimwa! Akatafuna, akameza, akasema mbele ya wageni wangu na pwani nzima: "Kijana, giaboksi imekufa. Tafuta ngalawa."

Tafuta ngalawa! Mimi niliyekula chumvi ya bahari hii kabla sijaota ndevu!

Nikamwambia basi mwaga oili ya gia tuone. Kafungua skrubu ya chini, oili imetoka safi kama asali. Maji yakiingia, oili inatoka kama chai ya maziwa, hilo hata mpara samaki analijua. Gia zikisagika, unakuta vipande vya chuma vimeng'ang'ania sumaku ya skrubu. Hakuna! Nikamwekea skrubu mbele ya macho. Akaitazama, akautazama muhogo, akauma muhogo. "Imekufa kwa ndani."

Kwa ndani wapi? Klachi ya gia ikiliwa meno inaruka, inagonga ka-ka-ka, unasikia mpaka kwenye nyayo. Shafti ikikatika hutembei hata hatua moja. Sasa giaboksi gani maiti inayokubali polepole na kukataa haraka? Kataka laki nane na nusu ya giaboksi ya mtumba kutoka Dar, na elfu thelathini ya "kuangalia". Elfu thelathini kuisikiliza mashine iliyozimwa! Nimetoa, maana skrubu yangu alikuwa ameifumbata yeye.

Aliyeniokoa ni dogo mmoja anayepaka rangi ngalawa. Kachovya kijiti kwenye kopo, kapiga mstari mmoja nyuma ya propela: kuanzia chuma cha ndani kinachovaa shafti, ukapita juu ya mpira, ukaishia chuma cha nje chenye mapanga. "Kaka, ikauke, tuijaze oili, halafu kaivute kidogo." Nimekwenda, nimeongeza mafuta, nimerudi: mstari vipande viwili, kimoja mashariki, kingine magharibi! Bushi, ule mpira wa kati, imeachia. Shafti inazunguka, gia nzima, propela inateleza juu yake. Nimeazima propela ya jirani, nimechomoa pini, nimefungua nati, nimebadilisha. Boti imeruka kama chuchunge.

Wageni walishaondoka, pesa zao nimewarudishia. Na yeye bado amekaa chini ya mkungu, anatafuna. TAFUTA NGALAWA!

Kasa Mzee: Pole sana mkuu. Huyo huyo alinambia mashine yangu imepasuka bloku. Ilikuwa mshipi wa kuvulia umejisokota kwenye shafti kati ya propela na giaboksi. Hakuuona, na ulikuwa wa rangi ya chungwa!

Mama Boti: Mkuu mshipi ukauondoe mapema, ule unakata sili, mpira wa kuzuia maji, maji yanaingia kwenye gia.

Maji Kupwa: Mleta uzi, bushi haiachii bure. Bushi iko pale ili ukigonga, mpira uteleze na gia zipone. Uligonga wapi?

Mleta uzi: Sijagonga.

Maji Kupwa: Uligonga.

Mleta uzi: Wiki iliyopita wakati wa bamvua niligusa jiwe KIDOGO. Hilo linahusiana nini na mtu anayesikiliza mashine iliyozimwa na muhogo mdomoni?

Maji Kupwa: Jiwe lile linaonekana hata kwa miwani ya jua usiku. Kweli katafute ngalawa 😂😂😂

Nahodha Mstaafu: Acheni utani, watu wanapoteza maisha. Uzi wangeusoma hata wale wa kuvuka kwenda Nyamisati, bara. Mashine ikilia na boti haiendi, tazama propela kwanza kabla hujafungua chochote. Mashine zile ndogo kabisa zina pini ya propela inayokatika, kaa na pini mbili na plaizi ndani ya boti. Kingine, mashine ikifungwa juu mno propela inakula hewa, inalia vilevile.

Mpiga Makasia: Dogo wa rangi apewe karakana. Mimi fundi wa hapo kwetu kanifungia propela bila ile washa, pete ya chuma ya mbele, imesaga nyumba ya giaboksi. Nikamuuliza, akasema "ilikuwa imezidi".

Kasa Mzee: "Ilikuwa imezidi" 😂 Wa kwangu alibakiza boliti tatu, akanipa nikae nazo.

Shungi la Pwani: Mafundi wa mashine afadhali. Fundi friji kaniambia gesi imeisha, kajaza mara tatu, mara tatu nimelipa. Kumbe swichi ya ukutani imelegea. Samaki kilo arobaini wameoza!

Mama Boti: Dada pole, kilo arobaini za nini?

Shungi la Pwani: Nguru. Silali.

Maji Kupwa: Tukirudi kwenye mashine, mnachanganya oili kiasi gani kwenye petroli? Mimi nusu lita kwa lita 25.

Kasa Mzee: Ndogo hiyo, utaua pistoni. Mimi nazidisha.

Nahodha Mstaafu: Ukizidisha plagi zinashika masizi kila siku. Fuata kitabu cha mashine yako.

Kasa Mzee: Kitabu hakijawahi kushika mawimbi ya kusi mzee wangu.

Mleta uzi: Jamani, muhogo!

Mpiga Makasia: Plagi zenyewe siku hizi feki tupu. Nimenunua nne, tatu hazitoi cheche.

Shungi la Pwani: Kuna mwenye barafu Kilindoni usiku huu? Nguru wengine bado wamo.

Mama Boti: Njoo inbox dada, ninayo madumu matatu.