Tupeane uzoefu: umewahi kumwomba dalali au kampuni ya ulinzi vibali vyao? Ilikuwaje? (Arusha na Moshi)

Mkazi wa Olasiti (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Kamati ya barabara yetu imenipa kazi ya kutafuta kampuni ya ulinzi. Wakati huohuo wadogo zangu kule Moshi wanahangaika na madalali, tunauza kiwanja cha marehemu mzee kilichoko Pasua. Nimejikuta nawauliza watu wa kazi mbili tofauti swali moja: "Naomba kuona vibali vyenu."

Kampuni ya kwanza waliniletea kalenda. Kalenda kweli, ina picha ya walinzi wamepanga mstari na mbwa mmoja mbele. Nikawaambia nataka cheti cha BRELA (wale wanaosajili kampuni), ruhusa ya polisi na uthibitisho kwamba walinzi wanalipiwa NSSF. Meneja masoko akanitazama: "Mzee, wewe ni mtu wa TRA?" Dalali wa Moshi naye akafungua simu, akanionyesha picha amesimama na diwani. Hicho ndicho kibali.

Naomba tusijaze nadharia humu. Nani aliomba karatasi, akapewa au akanyimwa, ikawaje? Na walio ndani ya kazi hizo karibuni, hatuumi.

Mama Nai

Mimi yangu ni ya kupanga. Dalali wangu wa kwanza Kijenge alinitoza elfu kumi "ya miguu" kabla hatujapiga hata hatua moja. Nyumba ya kwanza tukakuta familia inakula mchana, hawana habari kwamba nyumba yao inapangishwa. Walitukaribisha chakula. Nyumba ya pili funguo "ziko kwa shemeji". Nikamuuliza, kaka, una leseni? Akacheka mpaka akashika ukuta: "Dada, unatafuta nyumba au unatafuta dalali?"

Nikahamia kwa mama mmoja wa Sakina. Huyu ana kitabu cha risiti, na yeye ndiye aliyeniomba mimi kitambulisho cha NIDA. Akampigia mwenye nyumba mbele yangu, spika wazi, bei nikaisikia kwa masikio yangu. Ujira wake ni ule wa kawaida, kodi ya mwezi mmoja, ila hakuna cha juu kilichofichwa. Mwenye nyumba akataka miezi sita mkupuo, hiyo ni habari ya uzi mwingine.

Chalii wa Kwa Mrombo

Mimi ni dalali, nipigeni mawe polepole.

TIN ninayo, leseni ya biashara ya halmashauri ninayo, imening'inia ukutani. Tangu nimeanza kazi hii, wateja walioiulizia nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mteja anauliza vitu viwili, bei na maji. Sasa wewe uliyelipia leseni na yule anayeshinda kijiweni na simu ya tochi mnapata mteja yuleyule, tena yeye anakuzidi kwa sababu hana kodi ya ofisi.

Tatizo ni hili. Wathamini wana bodi yao, kwa Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016. Wapima wana baraza lao. Watu wa mipango miji nao wana bodi. Hata dalali wa mahakama, yule anayekuja kukamata mali kwa amri ya hakimu, ana kanuni za 2017 zinazosema anateuliwaje, analipwaje na anaadhibiwaje. Sisi wa nyumba na viwanja tuna vijiwe. Nikimtapeli mteja leo hakuna mahali pa kuninyang'anya udalali. Ataenda polisi, itakuwa kesi ya wizi wa kawaida, mimi kesho naonyesha nyumba Muriet.

Julai 2025 Serikali ilipiga marufuku wasio raia kufanya biashara kadhaa, na udalali wa nyumba na ardhi umo kwenye orodha. Sawa, tumelindwa dhidi ya mgeni. Mteja kalindwa na nani dhidi yetu?

Kuhusu elfu kumi, Mama Nai, nimtetee kidogo mwenzangu. Tunazungukwa sana. Unamleta mtu kwenye nyumba, anashukuru, anaondoka, jioni anarudi peke yake kwa mwenye nyumba wanamalizana. Hiyo hela ya miguu ilianzia hapo. Ya kupeleka watu kwenye chakula cha wenyewe, hapo sina utetezi.

Mama Nai

Afadhali umekiri. Ila mboga ilikuwa tamu.

Lindo Namba Tano

Nimevaa sare za ulinzi hapa Arusha miaka mingi: hoteli, maghala ya Unga Limited, nyumba za Njiro. Mwanzisha uzi, swali lako zuri, umemuuliza asiyehusika. Meneja masoko hajawahi kulala lindoni. Mkute mlinzi wa kampuni hiyo akiwa peke yake getini, mpe maji ya kunywa, muulize mshahara unaingia tarehe ngapi, amepumzika lini mara ya mwisho, na nani alimfundisha hiyo bunduki.

Mimi nilivyoajiriwa mara ya kwanza walitaka cheti cha mgambo, barua ya mtendaji, wadhamini wawili na picha ndogo. Asubuhi kwata kidogo uwanjani, jioni nikapelekwa lindo. Hayo ndiyo mafunzo. Sare na buti wakakata kwenye mshahara wangu, wakati sheria ya ajira inataka makato ya namna hiyo uyakubali kwa maandishi. Nilichokubali mimi ni kupanda gari.

Masaa sasa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 45 za kawaida kwa wiki, na nyongeza isizidi saa 50 katika wiki nne. Mlinzi anaingia saa kumi na mbili jioni, anatoka saa kumi na mbili asubuhi, siku sita. Hizo ni saa 72. Toa 45, zinabaki 27, zidisha kwa wiki nne: 108. Zaidi ya mara mbili ya kinachoruhusiwa, na sijui mwenzangu hata mmoja aliyelipwa zote. Ile nyongeza ya mshahara ya asilimia 5 kwa kazi ya usiku niliisikia nikiwa nimeshaacha kazi.

Mwaka 2013 kima cha chini kwenye ulinzi kilikuwa 100,000 kwa kampuni ndogo na 150,000 kwa zile kubwa za kimataifa. Amri ya mishahara ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ikafikisha 148,000 na 222,000, na viwango vimepandishwa tena kuanzia Januari 2026. Kwa hiyo kampuni ikiiambia kamati yenu itaweka walinzi wawili, wa mchana na wa usiku, kwa laki tatu kwa mwezi, kaeni chini mpige hesabu. Mishahara miwili, NSSF, sare, betri za tochi, mafuta ya pikipiki ya supavaiza, na faida ya bosi. Haitoshi. Kuna kitu hapo hakilipwi, na mara nyingi kitu hicho ni mimi.

Bunduki ndiyo iliyokuwa inanitisha kuliko mwizi. Kuna lindo tulikuwa tunapokezana shotigani, tunaandika kwenye kitabu "silaha moja, risasi tano", tunasaini. Risasi zenyewe zimebadilika rangi. Nikamuuliza supavaiza kama zinalia. Akasema, "Hiyo ni ya kutishia." Silaha za kampuni zinaangukia Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na polisi ndio wanaotakiwa kuzikagua. Wanakuja, siwasingizii. Ila sisi tulikuwa tunajua tangu jana yake: ghafla kila mtu ana filimbi, kofia zinafanana, na wale wasio na mikataba wanapewa mapumziko ambayo hawajawahi kuyaomba. Ukaguzi ukiisha filimbi zinarudi stoo.

Ero wa Longido

Sisi tunaolinda kwa rungu na sime hatuna cheti, lakini usidhani hatuna dhamana. Mimi nililetwa na mzee wa ukoo wetu aliyelinda nyumba hiyohiyo kabla yangu. Kikipotea kitu, tajiri haniulizi mimi kwanza, anampigia mzee. Kwa hiyo nikienda kulewa naaibisha boma zima. Kampuni ikipotezewa kitu inabadilisha mlinzi, yameisha.

Lindo Namba Tano

Ero, hapo nakubali nusu. Mzee wa ukoo anajibu kwa tajiri. Wewe ukikatwa panga usiku, anayejibu kwako ni nani? Tajiri amekuandikisha mfuko wa fidia kwa wanaoumia kazini?

Ero wa Longido

Hapo umenipata.

Meku Mstaafu

Nilifanya kazi ofisi ya ardhi mpaka nikastaafu, sasa niko kwenye migomba yangu Marangu. Mwanzisha uzi, kabla hujamwomba dalali leseni, dalali mwenye akili angekuomba wewe kitu: katika watoto wa marehemu, nani msimamizi wa mirathi? Yuko wapi na barua ya mahakama? Kama dalali wenu wa picha ya diwani hajauliza hilo, mwacheni leo hiihii. Kikao cha ukoo kinapendekeza jina, mahakama ndiyo inayoteua. Bila hiyo hakuna mwenye mamlaka ya kusaini, hata mkubali nyote na mama yenu.

Pasua ni mjini, kiwanja kikiwa na hati mnunuzi yeyote makini atafanya upekuzi kwa Msajili wa Hati: jina nani, kuna mkopo wa benki, kuna zuio. Afanye mwenyewe au wakili wake, asiletewe majibu na dalali. Nimeona mezani kwangu mikataba yenye mihuri mitatu na haina namba ya kiwanja. Mihuri mizuri, inang'aa. Muhuri wa mtaa unathibitisha kwamba watu walifika ofisini, si kwamba ardhi ni yao.

Huku mlimani ni jambo jingine kabisa. Kijana mmoja alimleta mnunuzi kutoka mjini kwenye kihamba, yaani shamba la urithi la migomba, cha ukoo wa jirani. Dalali kashapokea malipo ya awali, muuzaji ni mtoto wa tatu aliyekunywa akili yake. Mnunuzi akaja na fundi wa kupima msingi, akakuta mabibi wanne wamekaa mpakani, kwenye masale (mimea ya kuwekea mipaka), na mmoja ana kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Hawakupiga kelele wala kumtukana mtu. Walimkaribisha mbege, wakamwonyesha kaburi la baba mkwe wao pale alipotaka kuweka sebule. Yule bwana aliwasha gari. Hela yake aliidai kwa dalali mwaka mzima, na sijui kama aliimaliza kuipata. Ardhi ya namna ile iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, kuna halmashauri ya kijiji, kuna mwenza wa ndoa, kuna ukoo. Leseni ya dalali, hata angekuwa nayo, isingetibu hilo.

Namanga Mpakani

Jirani zetu Kenya wana Sheria ya Mawakala wa Nyumba tangu 1984, na mwaka 2016 wakatunga ya ulinzi binafsi yenye mamlaka yake. Niko hapa mpakani, vituko vyao navisikia kila siku kama vyenu. Sisemi sheria haifai. Nasema msiingoje.

Mangi wa Bronx

Aisee nacheka hapa maana nimepita kote. Natokea Kiboriloni, niko New York, nilianza na ulinzi sasa nasomea udalali wa nyumba. Huku leseni zote mbili zinatoka ofisi moja ya jimbo, Department of State. Na vinyozi wamo humohumo.

Ulinzi una sheria yake tangu 1992. Nilitoa alama za vidole, nikasoma saa 8 kabla ya kugusa lindo, saa 16 nyingine ndani ya siku 90 za mwanzo kazini, kisha saa 8 kila mwaka. Anayetaka kubeba silaha ana kozi ya saa 47 juu yake. Udalali ni saa 77 za darasa, mtihani, na hata ukifaulu huruhusiwi kufanya peke yako mpaka kuwe na dalali mkuu anayekubeba na kuwajibika kwako. Mteja anaandika jina langu kwenye tovuti ya jimbo anaona kama leseni iko hai. Hapo ndipo tofauti ilipo, Chalii. Ya kwako ukutani anaiona nani?

Lakini msione huku peponi. Matangazo ya nyumba hewa kwenye intaneti yapo tele. Na ujira wa dalali uliwatesa wapangaji miaka mingi: mwenye nyumba anamleta dalali wake, bili unalipa wewe. Mjini hapa mpaka tarehe 11 Juni 2025 ndipo ikaanza sheria kwamba aliyemwajiri dalali ndiye amlipe. Chama cha wafanyabiashara wa nyumba kikaenda mahakamani kuipinga.

Chalii wa Kwa Mrombo

Mangi, saa 77! Huku saa 77 nimeshapangisha Moshono yote. Ila hilo la jina kwenye tovuti nalitaka, kweli. Ningelipia.

Mkazi wa Olasiti

Meku, shikamoo. Barua ya msimamizi hatuna, nimempigia dada mkubwa sasa hivi, kikao cha ukoo ni Jumamosi. Lindo Namba Tano, kampuni ya tatu niliyoongea nayo nimefanya ulivyosema, nikaenda kwenye lindo lao karibu na stendi. Mlinzi kasema mshahara "unaingia ukiingia". Nimewatoa kwenye orodha.

Binti wa Ngarenaro

Naomba kuuliza hapohapo. Kaka yangu ameondolewa lindoni Ijumaa iliyopita kwa simu tu, hakuna barua, na wanasema hawamlipi mpaka arudishe buti ambazo walimkata hela. Aanzie wapi?

Lindo Namba Tano

Pole dada. Aende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wanaoshughulikia migogoro ya kazini, ofisi yao ya mkoa ipo hapahapa mjini. Kama anapinga kuachishwa ana siku 30 tu tangu siku ile ya simu, asidanganywe na "tutakuita". Ajaze fomu namba moja, nakala awapelekee kampuni, wasaini kupokea. Achukue hati zake za mshahara zinazoonyesha makato ya buti, na kama hana, ujumbe wa benki au wa simu unatosha kuanzia. Buti asirudishe bila maandishi.