Steep, Riders Republic au SSX: lipi gemu la ubao wa theluji la kununua?

Msafiri_Kipofu

Wakuu, habari za jioni. Nataka kununua gemu la kuteleza kwenye theluji, lile la kusimama juu ya ubao, siyo la skii. Nimebaki na majina matatu: Steep, Riders Republic na SSX. Bajeti siyo kubwa ila ipo. Mliowahi kuyacheza, lipi nichukue? Nanunua wikiendi hii hii, kwa hiyo msinizungushe.

nusu_bando

Hutaki kuzungushwa halafu maelezo umeyaficha mfukoni. Una mashine gani? PS4, PS5, Xbox, kompyuta? SSX ipi, maana huo ni ukoo mzima tangu mwaka 2000? Nyumbani una faiba au unaungaunga na bando la simu? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

Mangi_wa_Juu

Wakati tunamsubiri mleta mada, mimi natupa kura yangu: SSX ya 2012. Sababu ya kwanza hadi ya mwisho, ina Kilimanjaro. Walichukua data za NASA za milima halisi wakaijenga upya humo, unashuka Himalaya, Alps, Patagonia, Antaktika, na mlima wetu. Himalaya hewa ni haba, ukipuuza barakoa ya oksijeni macho yanaanza kuingia giza. Antaktika ukikaa kivulini unaganda, inabidi uwe unalifukuzia jua huku unateleza. Unakufa kwa baridi kwenye gemu wakati wewe mwenyewe umekaa na singlendi Tabata feni inazunguka.

Kamau_Pedi2

Na hiyo Kilimanjaro ya gemu inafanana kweli na ile halisi? Mimi niliona tu ni theluji mpaka chini. Wale wamepanda juzi wanasema barafu imebaki viraka.

Mangi_wa_Juu

Mkuu, kule ni gemu. Ila ni kweli, zaidi ya robo tatu ya barafu iliyokuwepo 1912 imeshaondoka. Ndiyo maana nasema watu waicheze wakati ipo hata kwenye skrini.

nusu_bando

SSX ya 2012 ilitoka PS3 na Xbox 360 tu. Kwenye PS4 diski ya PS3 haisomi, hata uipulize. Mwenye Xbox One au Series ndiye anaweza kuicheza leo. Ndiyo maana nimeuliza mashine. Bado tunasubiri.

Zuhura_Kaskazini

Wote mmetaja magemu ya kuruka kama tiara. Niko Norway mwaka wa kadhaa sasa, kwenye ubao napanda kweli, siyo vizuri sana ila naanguka kwa heshima. Gemu ambalo miguu yangu inalitambua ni Shredders, la 2022. Kabla hujafika kwenye ukingo wa kuruka unaanza kuukunja mwili kwa kijiti cha kushoto cha pedi, kama mtu anayejiandaa kugeuka ghafla, unaachia pale pale ubao unapoiacha theluji, halafu kijiti cha kulia ndiyo mkono wa kuushika ubao hewani. Ukichelewa kuachia unazunguka nusu tu na kutua na kisogo. Kwenye ubao halisi ni hivyo hivyo: unakata kona ama kwa upande wa vidole ama kwa upande wa kisigino, na siku ukisahau ule ukingo wa upande wa chini ukachimba theluji, unapigwa chini kabla hujajua kosa liko wapi.

Steep nayo si mbaya. Riders Republic ni sarakasi, nusu yake baiskeli.

Kamau_Pedi2

Zuhura heshima, lakini nani anataka gemu ya kumfundisha kuanguka? Mimi natoka kazini nimechoka, nataka mbwembwe. SSX Tricky ya 2001, jamaa anauvua ubao miguuni hewani, anauzungusha, anaurudisha, anatua. Hiyo ndiyo gemu.

Msafiri_Kipofu

Samahani wakuu, umeme ulikatika. Nina PS4 Slim. Intaneti natumia bando, ila jioni huwa inakwenda vizuri. SSX sikujua ziko nyingi, nilikuwa namaanisha ile niliyoiona zamani kibandani, yenye redio inayoongea wakati unashuka.

nusu_bando

Sasa tunaongea. Yenye mtangazaji wa redio ni SSX 3, ya 2003. Ilitoka PS2, Xbox ya kwanza na GameCube. Vilele vitatu vimeunganishwa kuwa mlima mmoja, unaweza kuanza juu kabisa ukashuka mpaka chini bila kuona skrini ya kusubiri, safari ya karibu nusu saa ukienda bila kusimama. Kwa PS2 ule ulikuwa uchawi. Kwenye PS4 yako haipo. Kwa hiyo kwenye orodha yako umebaki na Steep na Riders Republic, na yote mawili bila intaneti hayachezeki hata ukiwa peke yako. Umesema bando. Umenielewa?

Babu_wa_Diski

Ngoja nimwelezee huyu kijana kitu kabla hajatoa hela, maana atakapoona bei ya gemu jipya atakimbilia kwa "wauza akaunti".

Mwaka juzi nilitaka gemu moja la milima. Diski sikuipata mtaani, nikaelekezwa kwa kijana mmoja anayeuza magemu ya kupakua kwa bei ya karibu robo. Utaratibu wake: anakupa barua pepe na neno la siri, unaingia kwenye mashine yako, unapakua gemu, kisha unarudi kwenye akaunti yako mwenyewe na kucheza. Akaniapia hiyo akaunti ni yangu na mtu mwingine mmoja tu, "pacha wako". Nikalipa kwa simu. Nikapakua usiku kucha kwa bando la usiku, kila nikiamka kwenda msalani naangalia asilimia.

Wiki za mwanzo raha mustarehe. Kisha siku moja nawasha, gemu lina alama ya kufuli. Nampigia, ananiambia "subiri mkuu, pacha wako kaingia vibaya." Nasubiri. Linafunguka. Baada ya siku chache kufuli tena. Pacha wangu gani huyu? Nikaja kugundua kwenye kundi moja la WhatsApp kwamba watu wa Mwanza, Arusha na Mbeya wote tuna barua pepe ile ile, kila mmoja kaambiwa ana pacha mmoja. Tulikuwa ukoo. Tukaanza kupangiana zamu kama maji ya mgao, wa Mbeya anacheza asubuhi, mimi usiku. Mwishoni neno la siri likabadilishwa, akaunti ikapotea, namba ya kijana haipatikani, na picha yake ya WhatsApp ikageuka kuwa ua.

Sasa gemu la lazima-uwe-mtandaoni ukilinunua kwa njia hiyo, maumivu ni mara mbili. Nunua diski, au nunua kwa akaunti yako mwenyewe. Basi.

Al_Unguja

Pole sana Babu, wallahi hiyo ya pacha imenichekesha na kunisikitisha. Mimi nipo Dubai, diski zilizotumika zinapatikana, lakini hata diski ya Steep ukiiweka bila intaneti hupati kitu cha maana. Ukiwa nayo ni gemu zuri khasa kwa kutembea. Mlima Blanc upo, Matterhorn upo, Alaska wakaiongeza bure baadaye. Huna haja ya kufungua michezo moja moja, ubao, skii, parashuti la kuelea na vazi la mabawa vyote unavyo tangu mwanzo. Unachukua darubini, unaona kilele kule, unakwenda. Ukitaka mashindano tu utachoka nalo mapema.

Na ubao halisi nimeujaribu Ski Dubai, ndani ya jengo la maduka, nje joto la kukaanga yai. Unavaa koti la kukodi, mtoto wa miaka sita anakupita anakucheka.

Kamau_Pedi2

Hahaha. Kenya sisi tulishapita hapo. Philip Boit alienda Nagano 1998, mbio za skii kilomita 10, akamaliza wa mwisho, na Bjørn Dæhlie aliyeshinda dhahabu akamngoja kwenye mstari wa mwisho amkumbatie. Boit akampa mtoto wake jina Dæhlie. Tuonyesheni Mtanzania wenu.

Mangi_wa_Juu

Sisi tuna mlima, nyinyi mna mkimbiaji wa mwisho. Na hiyo ilikuwa skii, mada ni ubao.

Kamau_Pedi2

Na PyeongChang 2018 Sabrina Simader akabeba bendera yetu. Skii tena, najua. Mlima mnao, lakini wa kushuka hamna.

Zuhura_Kaskazini

Jamani. Hata hivyo Nagano 1998 ndiyo mara ya kwanza ubao kuingia Olimpiki, kwa hiyo Kamau kakaribia mada kwa bahati mbaya.

Msafiri, Shredders ipo PS5, Xbox Series na kompyuta. Kwa PS4 yako naitoa kwenye mapendekezo, roho inaniuma.

fundi_nyaya

Mimi Riders Republic nimeicheza sana PS4. Ilitoka Oktoba 2021, watengenezaji ni wale wale wa Steep, Ubisoft Annecy, vijana waliokaa chini ya Alps kabisa kule Ufaransa. Hapa wamehama, ni Marekani: Yosemite, Zion, Bryce Canyon, Mammoth, vyote vimesukumwa pamoja kuwa ramani moja, unatoka kwenye theluji unaangukia jangwani. Mashindano ya halaiki ndiyo utamu wake, watu wanagongana kwenye kona ya kwanza kama daladala kituoni. Ila mjue, PS5 na kompyuta ni wachezaji zaidi ya 50, PS4 ni 20. Bado vurugu inatosha. Ukianguka unarudisha muda nyuma na kuendelea, jambo ambalo wazee wa SSX 3, wanaojidai wao ndio walioanzisha kila kitu, wanalipenda kimya kimya.

Theluji peke yake? Steep ni bora. Steep mlima una ukimya. Riders Republic kuna mtu kavaa twiga anakupita kwa baiskeli.

Babu_wa_Diski

Na mnasahau The Crew. Gemu la magari la kampuni hiyo hiyo ya Ubisoft, la lazima-mtandaoni, Machi 2024 wakazima seva, walionunua wakabaki na plastiki. Steep ni ya Desemba 2016. Inazeeka.

fundi_nyaya

Kwani SSX 3 yako ya PS2 diski haina mikwaruzo? Kila kitu kinakufa, mzee.

Babu_wa_Diski

Mkwaruzo naufuta kwa dawa ya meno. Seva ya Ufaransa nitaifuta kwa nini?

Msafiri_Kipofu

Ahsanteni wote. Nilikuwa naelekea Steep, ila kuna kitu nilisahau kusema. Lengo ni kucheza na mdogo wangu likizo hii, pedi mbili, TV moja. Steep inakubali?

nusu_bando

Astaghafiru. Hilo ndilo lilitakiwa kuwa mstari wa kwanza wa mada yako! HAIKUBALI. Steep haigawi skrini. Riders Republic haigawi. SSX ya 2012 nayo haigawi, walilalamikiwa sana kwa hilo.

Kamau_Pedi2

SSX Tricky inagawa. SSX 3 inagawa. Nilisema mapema mkaniona mtu wa zamani.

Al_Unguja

Kwenye Steep mnaweza kupokezana pedi, kila mtu akianguka anampa mwenziwe. Nyumbani kwetu ndivyo tulivyolelewa.

Msafiri_Kipofu

Mdogo wangu ana miaka 11, haanguki kirahisi, nitakuwa mtazamaji. Basi mnanishauri nitafute PS2 mtumba? Kuna moja naiona hapa jirani, inakuja na pedi mbili, anasema SSX 3 ataniwekea.

Babu_wa_Diski

Atakuwekea kwa diski au kwa flashi? Kama flashi, mwambie aiwashe mbele yako, mshindane mpaka chini ya mlima. Kwenye baadhi ya hizo za flashi video zinakwamakwama na redio inakatika.

Zuhura_Kaskazini

Au subiri Steep ishuke bei mtandaoni, huwa inashuka sana, uchukue zote mbili. PS2 kwa ajili ya mdogo, Steep kwa ajili yako akilala.

fundi_nyaya

TV yako ya aina gani kwanza? PS2 inatoa nyaya tatu, njano, nyekundu na nyeupe. TV nyingi mpya hazina matundu hayo, nyingine zina tundu moja dogo linalotaka waya wake maalumu, na vile vibadilishi vya HDMI vya bei rahisi vinafanya theluji yote iwe ya kijivu. Piga picha nyuma ya TV uiweke hapa kabla hujaenda kwa huyo jirani.

Msafiri_Kipofu

TV imebanwa ukutani mkuu. Ngoja nimtafute mtu wa kunishikia ngazi.