Naomba ushauri: nimlaze mama Polana ya Maputo, au ni kutupa hela?

Binti_wa_Chuno (Mtwara):

Wakuu habari za humu, na wakubwa zangu shikamooni.

Mama yangu ni Mmakonde wa ng'ambo, kazaliwa upande wa Mueda, Msumbiji. Vita vya Mreno vilipopamba moto alivushwa Ruvuma akiwa mgongoni, akakulia kambi ya Rutamba kule Lindi, akaolewa hapa Mtwara. Mkoa wa kwao, Cabo Delgado, amewahi kurudi kwa ajili ya misiba tu. Maputo hajaiona hata siku moja. Ikionyeshwa kwenye runinga huuliza, "Na huko nako ni kwetu?" Sisi tunacheka, lakini swali hilo kauliza mara nyingi mno.

Sasa malipo ya mnada wa mwisho wa korosho yameingia, mimi na kaka tumechanga, tunataka kumpeleka siku nne. Kaka anataka gesti mwanzo mwisho. Mimi nimeng'ang'ania Polana, ile hoteli kubwa nyeupe ya mwaka 1922, enzi mji ukiitwa Lourenço Marques. Kilichonishika ni anwani yake: iko Avenida Julius Nyerere. Nikasema hapo hapo, mama lazima alale kwenye barabara ya Mwalimu.

Ila bei ya usiku mmoja inapita kodi yangu ya miezi mitatu. Na mama ni mtu wa kanga, anaamka saa kumi na moja, lifti haipendi, na asipoona ugali anasema hajala. Sitaki akae siku mbili amejikunyata kama mtu aliyekwenda kwa mkwe. Nasikia pia hoteli hizi zinashikilia hela kwenye kadi, sijaelewa kwa vipi. Waliowahi kulala Polana au hoteli za aina hiyo, nisaidieni. Je, inafaa?

Mzee_wa_Bandarini:

Hela hiyo mnunulie bati.

Binti_wa_Chuno:

Mzee wangu shikamoo. Nyumba anayo na bati tuliezeka mwaka juzi. Hajaomba bati, anataka kuona mji.

Msafiri_Mikindani:

Dada, mimi nimelala pale kwa shughuli za kazi, hela haikuwa yangu, kwa hiyo nitakusemea mazuri lakini nipunguzie asilimia kidogo.

Kwanza jua unacholipia. Kitanda kizuri Maputo utakipata kwa nusu ya bei hiyo. Pale unalipia jengo, bustani na ile baraza ya nyuma inayotazama ghuba. Unakaa na chai yako, mbele kuna bwawa, nyasi, halafu bahari. Kama ratiba yenu ni kutoka asubuhi kuzurura na kurudi usiku kulala, kaka yako ana haki, nendeni gesti. Polana ni ya kukaa. Siku mtakayolala pale msiweke safari nyingine yoyote.

Pili, na hili watu wengi hawaulizi: vyumba haviko vyote ndani ya lile jengo la zamani. Kuna sehemu nyingine inaitwa Polana Mar, iko chini zaidi kuelekea baharini. Si mbaya, lakini kama unafuata historia, taja mapema kwamba unataka jengo kuu, na uulize dirisha linatazama ghuba au barabara. Usiposema watakupa kilichopo.

Historia yenyewe ni tamu. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia Ureno haikuwa upande wowote, kwa hiyo mjini Lourenço Marques Mwingereza, Mjerumani na Mtaliano walikuwa wakipishana pale hotelini, kila mmoja akimchunguza mwenzake. Mwandishi Malcolm Muggeridge alifikia pale akiwa jasusi wa Waingereza. Baadaye yakawa mapumziko ya Wazungu wa Afrika Kusini na Rhodesia, na mtu mweusi aliingia mlango wa watumishi. Kisha uhuru, kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe hadi mkataba wa amani wa Roma wa 1992. Kampuni ya hoteli za Serena walikabidhiwa mwaka 2002, wakaikarabati, ikafunguliwa upya 2010. Kwa hiyo utakayoiona inang'aa. Usitegemee ukuukuu wa kupasuka rangi.

Kwangu mimi, mtu wa umri wa mama yako kukaa kwenye baraza ile na kuagiza chai, hiyo peke yake inatosha. Siku mbili, si nne.

Mkulima_Newala:

Kuhusu njia hujauliza vizuri, lakini nakujibu: msithubutu barabara. Najua kuna Daraja la Umoja pale Mtambaswala tangu 2010, na kuna kivuko cha Kilambo. Lakini Cabo Delgado haijatulia tangu waasi waanze kushambulia Oktoba 2017, mji wa Palma mlisikia walivyouvamia Machi 2021, na hata bila hayo, kutoka Ruvuma hadi Maputo ni zaidi ya kilomita 2,000. Maputo iko kusini kabisa, jirani na Afrika Kusini na Eswatini. Watu wa kwetu wanadhani ukishavuka mto umeshafika!

Pandeni ndege Mtwara hadi Dar, halafu kuna wanaopitia Nairobi na wanaopitia Johannesburg. Pasipoti iwe na muda wa kutosha, kadi ya homa ya manjano msiiache. Na fuatilieni hali ya mji kabla ya kulipa; baada ya uchaguzi wa Oktoba 2024 Maputo ilikuwa na vurugu za wiki nyingi.

Kaka_Mapokezi:

Nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli Dar, mwaka wa tisa sasa. Nijibu la kadi maana ndilo linaloleta ugomvi kaunta kila siku.

Ukifika, hoteli inaomba kadi na kuiambia benki yako: tenga kiasi fulani. Hela haijakatwa, imefungiwa tu, ili ukinywa soda za kwenye friji ya chumbani ukaondoka kimya, hoteli isipate hasara. Ukiondoka, hoteli inaiachia. Shida ni kwamba kadi zetu nyingi ni za akaunti ya kawaida, si za mkopo, kwa hiyo kile kilichofungiwa ni hela yako ya kula, na kurudi kwake kunaweza kuchukua siku kadhaa, wakati mwingine wiki na zaidi, kutegemea benki. Mgeni anaona salio limepungua anadhani ameibiwa.

Kwa hiyo waandikie kabla ya safari, uliza dipoziti ni kiasi gani kwa usiku, na kama wanapokea taslimu. Wakipokea taslimu, chukua risiti na uitunze. Kama ni kadi, hela ya matumizi ya mjini iwe kwenye kadi nyingine. Na mwambie benki yako kwamba kadi itatumika Msumbiji, la sivyo wataifunga wao wenyewe kwa usalama.

Uliza pia bei ni ya chumba au ya mtu, kodi imo au haimo, chai ya asubuhi imo au haimo. Kwa watu watatu, tofauti ya hapo ni kubwa.

Sasa mama. Andika kwenye hiyohiyo barua pepe: mgeni ni mzee, hapendi lifti, tunaomba ghorofa ya chini kabisa inayopatikana, na kama bafu ni la sinki la kuoga, waweke mkeka wa mpira. Wengi wanaona aibu kuandika hivi. Sisi tunapenda, maana chumba tunakipanga mapema. Ukija kuniambia kaunta saa nane mchana, nyumba imejaa, nitakupa pole tu.

Bint_Lindi:

Mimi nitasema ambalo wote mnalikwepa.

Nilimpeleka shangazi yangu kwenye hoteli moja ya zamani, mji mkuu wa nchi nyingine, jina naliweka kapuni. Tulishalipa. Mimi nilibaki kwenye taksi nahesabu chenji, shangazi akatangulia na kanga zake mbili na kikapu. Mlinzi akamsimamisha: "Mama unamtafuta nani?" Nyuma yake alipita Mzungu na kaptula na kandambili, akafunguliwa mlango na kuinamiwa. Shangazi hakusema kitu. Lakini kwa siku zote tulizokaa hakutoka chumbani bila mimi, na chai aliomba aletewe humo humo. Bahari tuliyoilipia aliiona dirishani.

Sisemi Polana wako hivyo, sijafika. Nasema swali la dada si la bei.

Kaka_Mapokezi:

Bint Lindi pole, na hilo lipo, sitalikataa. Ushauri wangu wa kikazi: ingieni pamoja, karatasi ya kubuku iwe mkononi, na mama avae ile nguo yake ya harusi au ya kanisani siku ya kufika.

Bint_Lindi:

Kaka, kwa nini avae ya kanisani? Amelipa. Yule wa kandambili aliambiwa avae ya kanisani?

Kaka_Mapokezi:

Hakuambiwa. Nakubali. Lakini mimi namshauri binti mwenye mama wa kumlinda, siandiki sera ya hoteli.

Bint_Lindi:

Basi kanga mpya, doti safi, ya maneno mazuri. Hiyo ndiyo nguo ya heshima kwetu. Na mwana atangulie mlangoni.

Msafiri_Mikindani:

Naungana na Bint Lindi kwenye kanga. Niongeze: lugha inasaidia kuliko nguo. Mama anakumbuka Kireno chochote?

Binti_wa_Chuno:

Cha kuhesabu na cha kusalimia, anakitumia akimtania jirani. Kimakonde ndicho chake. Bint Lindi, hiyo ya shangazi imenikaa kooni tangu asubuhi. Ndicho hasa nilichokuwa nakiogopa nikashindwa kukiandika.

Msafiri_Mikindani:

Basi yeye ndiye aanze. Afike kaunta, "Bom dia," kabla hamjasema nyie. Kule salamu ina uzito kama kwetu, na kijana wa mapokezi akisalimiwa na mama mtu mzima anasimama wima. Ukimwingiza kimya kimya nyuma yenu, hata akiwa na hariri atahesabiwa mzigo wenu.

Na mfanyieni mazoezi hapahapa. Mpelekeni Mikindani, lile boma la Mjerumani la 1895 ambalo siku hizi ni hoteli. Chakula cha mchana tu, msilale. Akae barazani, aletewe menyu, aagize mwenyewe, akatae kitu mwenyewe. Utaona hapo kama anafurahi au anahesabu dakika. Nauli ya bajaji na sahani tatu za samaki zitakujibu swali lako kuliko sisi wote humu.

Mkulima_Newala:

Hii ya Mikindani ndiyo akili ya uzi mzima.

Jambo dogo: Maputo wako nyuma yetu saa moja. Mama akiamka saa kumi na moja yake, kule ni saa kumi. Chai ya hoteli nyingi haianzi kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Uliza kama chumbani kuna birika la umeme, na bebeni majani yenu, sukari, na korosho za kukaanga za kutosha. Chaja pia: soketi za kule ni za matundu ya duara, pini zetu bapa haziingii. Nunueni adapta kabla. Na kama mnakwenda Juni hadi Agosti, sweta. Kule usiku kuna baridi, si joto letu la Shangani.

Kaka_Mapokezi:

Korosho ruksa. Ugali je? Bafe za asubuhi hazina ugali, lakini mchana mwambie mhudumu. Kule upo, wanauita xima, jikoni la wafanyakazi halikosi. Au mtokeni, nendeni soko la samaki, Mercado do Peixe. Unachagua kamba wako mwenyewe wabichi, unapatana bei, wanakuchomea hapohapo.

Mzee_wa_Bandarini:

Nimesoma yote. Nimerudi kwenye la bati, nalifuta.

Mnajua Mei 1975 Samora Machel, kiongozi wa FRELIMO waliompiga Mreno, alivuka Ruvuma kutoka upande wetu huu, akashuka nchi nzima mkoa kwa mkoa hadi Maputo, akatangaza uhuru tarehe 25 Juni? Wapiganaji wake walifunzwa Nachingwea, hospitali yao ilikuwa hapa Mtwara, sisi vijana wa wakati ule tulichangia mpaka nguo. Kwa hiyo mama huyo akiulizwa "unamtafuta nani", jibu analo. Mpelekeni. Na pale Praça da Independência ipo sanamu kubwa ya Samora, mpigeni picha hapo kwanza ndipo mwende hotelini.

Binti_wa_Chuno:

Mzee umenimaliza. Shikamoo tena.

Jumapili tulikwenda Mikindani. Mama kavaa doti mpya, kaagiza pweza, kamrudisha, kasema ni mgumu, akaletwa mwingine. Kaka alitaka kuingia chini ya meza. Mama hana habari, akauliza na jengo lilijengwa na nani, akamwambia mhudumu Wajerumani walikuwa na mikono lakini hawakuwa na adabu.

Kwa hiyo tumekubaliana usiku mbili gesti, mbili Polana. Tunabishana sasa Polana iwe mwanzo au mwisho. Kaka anasema mwisho, ili gesti isije ikaonekana jela.

Kaka_Mapokezi:

Mwanzo. Mama katoka ndege mbili tatu, miguu imevimba, anahitaji kitanda hicho siku ya kwanza. Halafu kama hela ya dipoziti imefungiwa, siku mbili zilizobaki unapata muda wa kuwafuatilia ukiwa bado mjini.

Bint_Lindi:

Mwanzo. Na wewe binti usihesabu chenji kwenye taksi. Lipa, shuka naye.

Binti_wa_Chuno:

Mwanzo basi. Barua pepe ya ghorofa ya chini na mkeka nimeshatuma leo, na la jengo kuu nimelitaja. Wakijibu kuhusu dipoziti nitaweka hapa, kuna wengine wananiuliza pembeni.

Mkulima_Newala:

Weka. Na metikali, hela ya kule, badilisheni kulekule, shilingi zetu hawazihitaji. Bebeni dola.