Bia mbili kila jioni: kiasi au ulevi?

Nahodha: Wakuu, tujadili bila matusi. Mtu anakunywa bia mbili kila jioni, hagombani na mtu, kazini anawahi. Je, ni mtumiaji wa kiasi, au mlevi ambaye hajajijua? Kwangu swali si chupa ngapi. Swali ni nani anamtawala mwenzake.

Mkweli: Kiasi kipi hicho? Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mwaka 2023: hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Inasababisha saratani, imewekwa kundi moja na tumbaku. Na mlevi ni mlevi, hana nia. Angetaka, angeacha leo.

BintiAlfajiri: Mkweli, hayo ya mwisho yafute. Baba yangu aliacha "leo". Kesho yake mikono ikamtetemeka, akaanguka kama mwenye kifafa. Siku ya tatu akawa anazungumza na watu ambao hatuwaoni. Sisi tumemfungia chumbani, tunadhani ndiyo tunamsaidia! Daktari alituambia mwili uliozoea pombe nyingi miaka na miaka ukikatiwa ghafla unaweza kufa. Huachishwa kwa dawa, chini ya uangalizi. Nia alikuwa nayo, tena kuliko wewe.

Mkweli: Pole dada. Ila glasi ya kwanza nani alimshikia?

Mchambuzi: Hilo si swali, ni kumtonesha mwenzio kidonda. Madaktari wa akili wa Marekani walikuwa wakitenganisha "matumizi mabaya" na "utegemezi". Mwaka 2013 wakaviunganisha kuwa tatizo moja lenye ngazi. Dalili ziko 11: kutaka kupunguza ukashindwa, kiu isiyotulia, kutelekeza majukumu, na kadhalika. Ukiwa nazo mbili au tatu, tatizo ni dogo. Sita kwenda juu, ni kubwa. Kwa hiyo Nahodha, kuwahi kazini hakumsafishi mtu.

Nahodha: Lakini kama hana hata moja?

Kipepeo77: Kabla ya hilo, Mkweli atujibu. Kwenye mada ya wiki jana ulisema unavuta pakiti kwa siku. Leo unahubiri nia?

Mkweli: Sigara hailevyi. Hakuna aliyempiga mkewe kwa sababu ya sigara.

Kipepeo77: Na inaua zaidi ya pombe! Tumbaku ni watu zaidi ya milioni 7 kwa mwaka, pombe kama milioni 2.6.

Mkweli: Nazungumzia kuvunja nyumba, wewe unaniletea hesabu za makaburi.

Nahodha: Jamani, bia mbili...

BintiAlfajiri: Kaka Mkweli, kaa siku tatu bila sigara, kisha urudi unieleze habari za nia.

Mkweli: Nimejaribu mara nne. Safari ya mwisho nilifika siku ya tisa. Lile neno kuhusu mzee wako nalifuta, nisamehe. Ila sigara na pombe bado sikubali kwamba ni kitu kimoja.